Siti binti Saad: alikuwa mwimbaji tu, au sauti yake ilikuwa siasa?

MwalimuKihonda (Morogoro)

Habari za leo wanajamvi. Wakubwa, shikamooni.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu hapa Morogoro. Tumemaliza kusoma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, na wanafunzi wameamua wenyewe kuandaa igizo fupi kwa siku ya wazazi. Nimefurahi sana, maana kwa kawaida kitabu kikishamalizika darasani hawataki hata kukiona. Sasa tulipokuwa tunagawana nafasi, binti mmoja anayekaa nyuma kabisa, asiyeongea sana, akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, huyu Siti alikuwa anapigania nini?"

Darasa likagawanyika hapohapo. Kundi moja likasema hakupigania chochote, alizaliwa maskini kule Fumba, akauza vyungu, Mungu akampa sauti, akatoka kimaisha. Kundi la pili likasema mtu aliyeitwa Mtumwa tangu utotoni, halafu akaja kuimba mbele ya Sultani, hiyo ni siasa tosha hata kama hakusema neno. Walibishana mpaka kengele ikalia, na ubishi ukaendelea hadi kwenye foleni ya chakula.

Naombeni msaada kwa mambo mawili. Kwanza, kuna nyimbo zake zinazogusa utawala, mahakama, haki za watu, au zote ni za mapenzi na mafumbo? Pili, igizo letu lina nafasi ya tukio moja kubwa la katikati. Wanafunzi wanavutana kati ya kasri la Sultani na safari ya Bombay ya mwaka 1928. Nyie mngeweka lipi? Mwenye kuijua Unguja vizuri anisaidie. Mimi mtu wa bara, kisiwani nimefika kama mgeni tu.

KakaWaTabora

Mwalimu, hongera kwa kazi. Ila mimi nadhani tusimpe Siti kazi ambayo hakuifanya.

Kwangu mimi mwimbaji wa siasa ni yule anayewakabili wenye mamlaka. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890, Sultani akiwa kitini, na Siti akaitwa kasri akaenda kuimba. Aliimba kwenye harusi za matajiri. Santuri alirekodi na kampuni ya Kiingereza, HMV. Sisemi hivyo kumshusha, sauti yake ilikuwa kubwa na njia aliyoifungua ni kubwa. Lakini ukitaka siasa ndani ya muziki wa watu wetu, nenda kwa Joseph Kamaru wa Kenya aliyemwimbia mwanasiasa J.M. Kariuki baada ya kuuawa mwaka 1975, wakati wengine wamefunga midomo. Au Remmy Ongala, aliyewaimbia wanyonge wa Dar es Salaam bila kuzunguka. Hao walitaja mambo kwa majina yake.

Kundi la kwanza la wanafunzi wako naona liko sahihi. Mwekeni Bombay katikati. Ndilo tukio lililomfanya Siti awe Siti.

BiMkubwa_Kikwajuni (Unguja)

Marahaba mwalimu. Na huyo binti wa nyuma mpe salamu zangu, kauliza swali la maana.

Mimi nimezaliwa Kikwajuni na ndiko niliko mpaka leo. Kazi yangu ilikuwa ukarani wa mahakama hadi nilipostaafu, na usiku nilikuwa naimba katika kikundi cha taarab cha wanawake. Kwa hiyo nyimbo za Siti nimezijua kwa kuziimba, na wimbo mmoja nimeujua pia kwa kukaa miaka mingi chini ya kiti cha hakimu nikiandika wanayosema mashahidi. Nitaufikia.

Kaka wa Tabora, uliyoyataja ni kweli. Siti aliimba kwa Sultani Khalifa bin Haroub, aliimba kwenye majumba ya Waarabu na Wahindi wenye mali, na walipomwita alikwenda. Lakini unaitafuta siasa pahala ambapo wakati ule haikuwepo. Vyama vya kugombea uchaguzi vimekuja Unguja katikati ya miaka ya 1950, na Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa 1926, na Mwafrika hakutiwa ndani yake mpaka 1946. Sasa mtu wa Ng'ambo, mitaa ya wanyonge ya mji wetu, angekwenda kusema wapi? Mbele ya nani? Ugomvi mkubwa wa mji huu ulikuwa juu ya nani ahesabiwe mtu. Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1897, masuria wakaachiwa mwaka 1909, lakini milangoni mwa watu suala lilibaki lilelile: wewe mtoto wa nani?

Mtazame Siti ndani ya suala hilo. Kazaliwa Fumba, mnamo 1880, baba Mnyamwezi, mama Mzigua, jina Mtumwa. Kafinyanga vyungu, kavitia kichwani, kavileta mjini kwa miguu, akivinadi njiani, na kwa kunadi huko ndiko watu walikoanza kuijua sauti yake. Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja, akakutana na Ali Muhsin, mpigaji taarab, ndiye aliyemfunza. Na taarab wakati huo ilikuwa ya Kiarabu na ya wanaume. Sultani Sayyid Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kwenda kujifunza muziki, na Ikhwani Safaa ilipoundwa mwaka 1905 ilikuwa klabu ya mabwana. Mwanamke kutoka shamba, asiyejua kusoma wala kuandika, kuingia humo na kuimba Kiswahili, hilo peke yake lilikuwa jambo.

Lakini mimi sitaki tuishie hapo, kwa sababu hapo ndipo kila mtu anapoishia. Tunasema alikuwa maskini, akapata, basi. Nataka tuzungumze alichokisema kwa kinywa chake.

Chukua kile kijembe walichomtungia wapinzani wake walipoona anaalikwa kila nyumba. Mwalimu, kimo katika kitabu mnachosomesha. Wanasema Siti amekuwa mtu lini, kaja mjini na kaniki mwilini, na kama si sauti angekula nini. Wafafanulie wanafunzi wako kaniki ni nini, maana wao hawajaiona ikivaliwa. Ni kitambaa cheusi cha bei ya chini, ndicho walichovaa watumwa wanawake na watu wa kazi ngumu. Baada ya 1897 wanawake waliotoka utumwani waliikimbia kaniki. Walijinyima wakanunua kanga za rangi, baadaye wakavaa na buibui, ili mtu akiwaona njiani asijue walikotoka. Kumwambia mwanamke mbele za watu kwamba alikuja na kaniki ni kumrudisha utumwani kwa maneno.

Na angalia kijembe chenyewe hakisemi kwamba anaimba vibaya. Kinakubali kabisa kwamba sauti anayo. Kinachomkatalia ni utu.

Jibu lake nalo mnalo. Hakujitafutia ukoo wa bandia, kama walivyofanya baadhi ya watu mjini hapa walipopata vijisenti. Hakusema sikuvaa kaniki. Hakumtukana aliyemtukana. Alisema uzuri wa sura si hoja, wala kuwa na jadi kubwa si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Katika mji uliopangwa kwa nasaba, ambapo cheo, kiwanja na hata mgao wa chakula wakati wa vita ulikwenda kwa kabila la mtu, mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa anasimama na kuimba kwamba jadi si hoja. Mimi kama hiyo si siasa basi sijui siasa ni ipi.

Sasa nije kwenye ule wimbo wangu. Unaitwa Kijiti. Kaka, wewe umesema Kamaru na Remmy walitaja mambo kwa majina. Siti kamtaja mtu kwa jina lake katika kichwa cha wimbo.

Mkasa ni wa kweli, ulitokea hapa. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mjamzito, kaja Unguja kutembea. Kukawa na ngoma, kukawa na ulevi, Kijiti akamchukua, akaenda naye maguguni, akamrejesha maiti. Kijiti akavuka bahari akakimbilia bara. Kesi ikafika mahakamani na muuaji hayupo. Wenyeji wa marehemu, waliompokea na kumlaza nyumbani kwao, wakaja kutoa ushahidi. Na hapo wimbo unaingia mahakamani na kutuonyesha jaji kakasirika kitini, anawatukana mashahidi, anawafunga wao. Majina yao yamo kwenye beti. Kosa lao ni ile pombe.

Mimi nimekaa ndani ya chumba cha namna hiyo. Nimeona mtu akija kusema alichokiona, na masuala yote yakamgeukia yeye: ulikuwa wapi usiku ule, ulikunywa nini, kwa nini hukumzuia. Wanawake hasa. Anaingia shahidi anatoka mshitakiwa, hata kama hakufungwa. Na kazi ya karani ni kuandika suala na jibu, suala na jibu. Hasira ya hakimu haiandikwi. Namna alivyogonga meza haiandikwi. Tusi likimtoka, haliandikwi. Ukienda kuifungua kumbukumbu ya kesi baada ya miaka hamsini utakuta karatasi safi kabisa, imetulia, na hutajua kamwe kwamba shahidi alitetemeka.

Siti na wenzake waliyaandika yale ambayo karani haandiki. Kila ninapofika ubeti wa jaji, kila mara, mwili unanisisimka. Ni mwaka gani ule mtu wa Ng'ambo angeweza kusimama barazani akasema jaji wa Kizungu amedhulumu? Lakini katika wimbo imesemwa, na ikaimbwa harusini, na watoto wakaijua. Halafu wimbo unamgeukia Kijiti mwenyewe, unamuonya asikanyage Dar es Salaam, na unasema watu wote wanamuapiza apate matende. Mahakama ilimkosa. Watu wakatoa yao.

Nyimbo hizo hazikutungwa na mtu mmoja chumbani. Nyumbani kwa Siti Ng'ambo watu walikuwa wakikusanyika usiku, habari za mji zikiletwa pale, nani kafungwa, nani kadhulumiwa, nani kaiba fedha za watu. Mwalimu Shaaban (siye yule mwandishi wa kitabu chenu), Subeit bin Ambar, Budda bin Mwendo na Mbaruku Talsam wapo na ala zao. Habari ya mchana inakuwa beti usiku. Na watu hao waliokuwa wakisikiliza si watu wa kukaa kimya. Mwaka huohuo wa 1928 aliokwenda Bombay, wakaazi wa Ng'ambo waligoma kuwalipa wenye viwanja kodi ya ardhi, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Sisemi Siti aliongoza mgomo, sina sababu ya kumpa lisilo lake. Nasema alikuwa akiwaimbia watu gani.

Kwa hiyo mwalimu, mimi katikati ya igizo nisingeweka kasri, wala nisingeweka Bombay. Ningeweka usiku mmoja nyumbani kwa Siti, habari ya kesi inafika, na wanaanza kutunga. Wanafunzi wako waone wimbo ukizaliwa.

Mwana_wa_Kibokoni (Mombasa)

Bi Mkubwa, shikamoo, umetufunza. Mimi naomba niongeze la hapa kwetu, kwa kuwa Mbaruku Talsam ni wa Mombasa na hilo hatukubali lipitwe hivi hivi.

Hapa Siti twamjua kwa santuri. Nyumbani kwa babu yangu lilikuwako sanduku la santuri zile nzito, za mizunguko 78 kwa dakika, zenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni. Zilikuwa za utomvu mgumu mweusi, ukiiangusha moja yapasuka kama sahani. Gramafoni ilikuwa ya kutiwa ufunguo kwa mkono, na sindano ni ya chuma, hubadilishwa mara kwa mara la sivyo yala santuri. Babu alikuwa na kikopo kidogo cha sindano na watoto tulikuwa haturuhusiwi hata kukigusa. Sauti ya Siti yaanza baada ya mkwaruzo mrefu, kisha udi, kisha fidla, kisha yeye, juu sana, kama asiye na haja ya kuvuta pumzi.

Ninalotaka kusema ni hili. Upande mmoja wa santuri wabeba dakika tatu na kidogo. Wimbo wa taarab harusini waweza kwenda nusu saa na watu wakarudisha beti, wakatuza, wakarudisha tena. Kwa hiyo walipofika Bombay ilibidi wachague beti zipi zikae na zipi ziachwe. Kijiti haikuachwa, wala ubeti wa jaji haukuachwa. Walikuwa ndani ya studio ya kampuni ya Kiingereza, na wakaimba habari ya jaji wa Kiingereza anayefunga mashahidi. Fundi wa kurekodi hakuwa akijua Kiswahili, bila shaka. Lakini wao walijua wanasema nini, na sisi tulionunua twalijua.

Kufikia mwaka 1931 HMV ilikuwa imekwisha kuuza santuri 72,000 za Kiswahili. Kampuni nyingine zikaona, nazo zikaja kutafuta waimbaji wa pwani. Santuri zenyewe zilifika Lamu, zilifika Tanga, zilifika Ngazija, zikaingia bara mpaka Kongo. Na kitu kingine: mwanamke wa ndani, ambaye haendi mkahawani wala hatoki usiku, aliweza kumsikia Siti akiwa chumbani kwake. Nyanya yangu alizijua nyimbo zote zile na hakuwahi kwenda kwenye taarab ya hadharani hata mara moja.

Kwa hivyo kaka wa Tabora, HMV walitaka pesa, sawa. Lakini santuri zilibeba walichokiimba Siti na wenzake.

DadaSinza (Dar es Salaam)

Nimesoma uzi mzima nikiwa kwenye daladala, nimepitiliza kituo.

Nichangie upande wa athari tu. Waandishi wa habari wanawake walipounda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, na mwaka uliofuata wakaanzisha jarida, walilipa jina la Sauti ya Siti. Jarida lilizungumzia ubakaji, vipigo majumbani, mirathi, unyanyasaji wa wasichana shuleni, mambo ambayo wakati ule magazeti mengi yaliyapitia juu juu. Ukishasoma alichoandika Bi Mkubwa kuhusu Kijiti unaelewa kwa nini walichagua jina hilo. Wimbo ule ni habari ya mwanamke aliyeuawa na mashahidi waliogeuziwa kibao. Ni ripoti kabisa.

Halafu kuna Bi Kidude, yule mwimbaji mkongwe wa Unguja. Yeye alisema mara nyingi kwamba alijifunza kwa kumsikiliza Siti, na Kijiti aliiimba mpaka uzeeni. Alipofariki Aprili 2013, watu waliomzika walikuwa wa kila aina, viongozi na wasanii na watu wa mitaani. Mimi nilimsikia mara moja akiwa hai, jukwaani, ameshika ngoma, na nilishtuka jinsi ukumbi mzima ulivyokaa kimya alipofika kwenye maneno ya mauaji, halafu ukalipuka. Karibu karne moja baada ya mkasa wenyewe!

Mwalimu, kwenye igizo mwekeni hata bibi mmoja mzee pembeni, anayekumbuka alivyokuwa msichana mdogo siku zile akisikiliza mlangoni. Ndivyo nyimbo zilivyofika kwetu.

KakaWaTabora

Bi Mkubwa, shikamoo. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Hoja ya jaji imeniingia, na ile ya Baraza la Kutunga Sheria pia sikuwa nimeihusisha na Siti hata kidogo.

Lakini nina swali moja bado, na nauliza kwa heshima. Wimbo unamtaja mtu kwa jina na kumwapiza. Mtu huyo hajahukumiwa na mahakama. Leo tukifanya hivyo mitandaoni tunaambiwa tunachafua watu. Je, hatari haipo? Mwimbaji akikosea je?

BiMkubwa_Kikwajuni (Unguja)

Marahaba kaka. Suala zuri, na ni la watu wa mahakama kuliko la waimbaji, nimelipenda.

Hatari ipo. Taarab hapa kwetu imewahi kuvunja ndoa na kuhamisha watu mitaa, sitakuficha. Kuna vijembe vilivyotungwa kwa chuki tupu, na aliyetungiwa hakuwa na pa kujibia. Siti mwenyewe alitungiwa.

Lakini tofautisha mambo. Kijiti hakuwa mnyonge aliyesingiziwa. Alikuwa amekwisha kukimbia, mashahidi walikuwepo, maiti ilikuwepo, na waliobaki kulipa ni wale waliosema kweli. Wimbo haukuchukua kazi ya mahakama kabla mahakama haijaifanya. Ulikuja baada ya mahakama kuifanya vibaya. Na uzito wa wimbo, ukiusikiliza vizuri, haumuangukii Kijiti peke yake. Yeye anaapizwa, basi. Anayeonyeshwa kwa urefu, kakaa kitini, kakunja uso, ni jaji. Mwenye nguvu ndiye aliyewekwa wazi.

Na jambo jingine ambalo vijana hawalijui. Siku hizi mtu anaandika jina la mwenzake simu ikiwa mkononi, gizani, bila sura. Siti alikuwa akiimba kwa sura yake, mbele ya watu, katika mji mdogo ambao kila mmoja anajua nyumba yako iko wapi. Kama angesema uongo, kesho yake asubuhi wangekuwa mlangoni kwake.

MwalimuKihonda (Morogoro)

Jamani, sina la kusema zaidi ya ahsante. Nimewasomea wanafunzi majibu yenu darasani leo, yote, mpaka lile la kikopo cha sindano. Wameacha kasri, wameacha Bombay. Wamekubaliana usiku wa nyumbani kwa Siti, na bibi wa mlangoni wa Dada Sinza yumo. Aliyechaguliwa kuwa Siti ni yule binti wa nyuma. Hakujipendekeza, wenzake ndio walimtaja, kwa sababu wamewahi kumsikia akiimba bwenini.

Bi Mkubwa, nina wasiwasi mmoja. Hawa ni watoto wa miaka kumi na sita, kumi na saba, na wazazi watakuwepo pamoja na wadogo zao. Habari yenyewe ni ya kumdhulumu mwanamke na kumuua. Niibebeje bila kuificha na bila kutia aibu ukumbi?

BiMkubwa_Kikwajuni (Unguja)

Mwalimu, waliotunga wamekwisha kukufanyia kazi hiyo. Sikiliza ubeti wa kwanza. Kijiti anamchukua mgeni, anamchezesha foliti, anakwenda naye maguguni, anamrejesha maiti. Foliti ni mchezo wa watoto wa kukimbizana, na kila mtu mzima ukumbini ataelewa kilichotokea maguguni bila kuambiwa, na watoto watabaki na mchezo wao. Usiongeze kitu. Usimuonyeshe Kijiti jukwaani kabisa, wala marehemu. Habari iletwe na mtu anayepita, akiwa amesimama mlangoni na kikapu mkononi, na wanaomsikiliza waache kufanya walichokuwa wakifanya mmoja baada ya mwingine.

Jaji naye asiwe na mwanafunzi wa kumwigiza. Nakuomba sana. Ukimuweka Mzungu wa kuigiza kwa wigi watu watacheka, na pakishachekwa pale wimbo umekufa. Mwacheni mpiga udi amsimulie, halafu Siti aichukue sauti ya jaji ndani ya uimbaji wake mwenyewe.

Kama hamna udi, msihangaike kukodi. Dumbaki moja na filimbi zinatosha, hata ngoma ya meza, ila mpigaji ajue kunyamaza. Siti akae chini kwenye jamvi pamoja na wenzake, asisimame kama mtu wa kwaya. Vyungu viwili vitatu viwe nyuma yake ukutani, wala asivitaje. Mvisheni kanga, si kaniki, kwa sababu huyu ni Siti wa baada ya kuhamia mjini. Kaniki avae bibi wa mlangoni.

Na yule mwanangu asiige sauti ya kwenye santuri. Ile ni ya juu sana, akiilazimisha ataumia koo. Aimbe pale sauti yake ilipo. Ubeti wa kwanza aende taratibu, kama anayesimulia jirani. Ubeti wa jaji asipandishe sauti hata kidogo, wapandishe wapokeaji, yeye abaki palepale. Matende ndiyo ayavute.

Mkianza mazoezi mrekodi kwa simu unitumie kwenye ujumbe wa faragha, nimwambie pa kukata pumzi. Jioni baada ya isha huwa nipo.